Matumbawe Magumu Kufa

Mwalimu Njeru alinitambulisha kwa wageni wa meza yake kwa sentensi moja: "Huyu ndiye aliyeua tumbawe langu." Tulikuwa harusini hapa Meru mwezi uliopita, upande wa Kinoru, ndani ya hema la wazee, na wale wageni walinitazama kwa mashaka kama watu wanaojiuliza kama tumbawe ni mnyama wa kufugwa au ni jina la mtoto. Yeye alicheka mpaka mabega yakatikisika. Ameshapita miaka themanini na macho yake ni hafifu. Alikuwa amenitambua kwa sauti tu, nilipokuwa nikimwomba mhudumu chai isiyo na sukari. Hatukuwa tumeonana kwa miaka kumi na mitano. Ningeulizwa wakati wa ujana wangu, ningesema kwamba siku neno hilo litakaposemwa mbele za watu nitatamani ardhi ipasuke inimeze. Badala yake nilivuta kiti nikaketi karibu naye, nikacheka pia, na nikasikia kifua kimekuwa chepesi. Usiku ule sikuwaza harusi. Niliuwaza ule mwaka wote, tangu mwanzo wake mbaya.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwetu ni upande wa Nkubu, na hayo yanatosha kuhusu kwetu. Mwezi wa Januari chuo cha uuguzi kilinisimamisha masomo kwa mwaka mzima. Kosa lenyewe lilifanyika mchana mmoja katika wodi ya wanaume. Nilipewa wagonjwa sita niwapime joto na presha kila baada ya saa nne. Nilikuwa nimechoka, miguu inauma, na wote walionekana kama walivyokuwa asubuhi, basi nikakaa mezani nikaandika namba zinazofanana na zile za asubuhi. Mmoja wao, baba aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, alikuwa anaungua kwa homa. Aliyeigundua ni mke wake, alipokuja jioni kumwona na kumshika paji la uso. Yule baba alipona, akaenda nyumbani kwa miguu yake baada ya wiki mbili, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini muuguzi mkuu aliponiuliza kama nilimpima, nilisema nilimpima. Akauliza tena, nikasema nilimpima. Akauliza mara ya tatu mbele ya mkuu wa chuo, nikashikilia palepale. Nadhani kilichonitoa chuoni kilikuwa yale majibu matatu kuliko zile namba.

Shangazi yangu ndiye aliyesikia kwamba kuna mzee Embu, katika mtaa wa Dallas, aliyeteleza kwenye ngazi za kanisa akavunjika nyonga, na kwamba nyumba hiyo ilitaka msichana anayejua kidogo mambo ya hospitali. Mke wake, Mama Wawira, alikuwa na duka la vitambaa mjini na hakuweza kulifunga. Nilipofika, Mama alinitazama toka juu mpaka chini, akaniuliza mbona siko chuoni. Nikamwambia nimepumzika kidogo. Hakuuliza zaidi. Alinionyesha chumba changu, kitanda chenye blanketi mbili kwa sababu ya baridi ya Embu, kisha akanipeleka sebuleni kumwona mgonjwa. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti kilichoinuliwa kwa matofali, mguu mbele, na hakuwa akiitazama televisheni. Televisheni ilikuwa imesukumwa kwenye kona. Mahali pake, kwenye ukuta mzima ulio mkabala na dirisha, palikuwa na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda, limejaa maji safi, mchanga mweupe na mawe, na hakuna samaki hata mmoja. Nilisalimia, kisha nikauliza samaki wako wapi. Mwalimu alisema hakuna samaki, anangoja matumbawe.

Alikuwa amefundisha biolojia maisha yake yote ya kazi. Kila mwaka alichora tumbawe ubaoni kwa chaki za rangi, akawaeleza watoto wa Embu kwamba lile linaloonekana kama jiwe lina vinyama laini ndani yake, kila kimoja na kinywa chake, na kwamba jiwe lenyewe limejengwa na vinyama hivyo. Hakuwahi kuona hata moja lililo hai. Alipostaafu, binti yake Wawira, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, akamnunulia lile tangi kutoka kwa familia iliyokuwa ikihama. Fundi wa matangi, Onyango, alikuja kulifunga pamoja na taa na pampu, akawafundisha kuchanganya chumvi maalumu na maji ya mvua yaliyochujwa, akawaambia wangoje maji yatulie miezi kadhaa kabla ya kuweka kitu chochote kilicho hai. Ndipo Mwalimu akateleza. Nilimkuta amengoja kwa miezi minne, na miwili ya hiyo aliingoja akiwa ameketi.

Naikumbuka ile sebule kuliko chumba changu chochote cha wakati ule. Vitambaa vya kufuma juu ya viti, kabati la vikombe ambavyo havikutumiwa, mlio wa pampu usiokoma, na mwanga wa buluu uliofanya hata uji wa wimbi uonekane wa ajabu bakulini. Tulikula palepale, tukiwa tumelielekea tangi. Mama Wawira alipika maharagwe meusi ya njahi Jumamosi na mahindi ya muthokoi Jumatano, na alikuwa na kawaida ya kumsema mume wake kwangu kana kwamba hayupo. "Huyu anakataa nduma," aliniambia siku moja akimenya hayo magimbi, "lakini mawe yake yatanunuliwa kamba wa supamaketi." Mwalimu aliendelea kutafuna.

Fundi Onyango alirudi mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, akiwa na kasha jeupe lililofungwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na mifuko ya maji, na ndani ya kila mfuko kipande cha tumbawe kisichozidi ngumi, ambavyo alikuwa amevikata kutoka kwa matumbawe aliyokuza mwenyewe nyumbani kwake. Alivipanga mezani, sita. Mwalimu alikuwa ameshachagua tangu zamani. Alitaka lile la matawi, lenye ncha za zambarau kama vidole vilivyochovywa rangi, kwa sababu ndilo alilochora ubaoni miaka yote. Fundi alikataa kumwuzia. Alisema alileta kipande hicho akionyeshe tu. Mwalimu akauliza kwa nini mtu alete kitu nyumbani kwa mtu halafu akatae kukiuza. Fundi, mtu mpole asiyepandisha sauti, alieleza kwamba lile la matawi linataka maji yasiyobadilika hata kidogo, na maji ya mtu anayeanza hubadilika kila wiki. "Anza na zile ngumu kufa, Mwalimu," alisema. "Hii nitakuuzia mwaka ujao." Mwalimu aliugeuza uso wake kuelekea dirishani. Hakuwa amezoea kuambiwa kwamba yeye ni mwanafunzi.

Kisha Fundi akauliza ni nani atakayeyaangalia kila siku. Mwalimu akanyoosha kidole kwangu bila kugeuka. Kuanzia hapo Fundi alizungumza na mimi, na nakumbuka nilivyoketi wima, kwa sababu tangu Januari hakuna mtu aliyekuwa amenieleza jambo akitarajia nilielewe. Aliniambia nichague manne. Nilianza na lile la tarumbeta, lenye mashina mafupi ya mawe na juu ya kila shina kichwa cha nyama nene ya kijani, kwa sababu alisema kichwa kimoja kikifa vingine huendelea. La pili lilikuwa la ubongo, la mviringo lenye mikunjo, linalovumilia mwanga mdogo. La tatu la kikombe, zito na tulivu, linalotaka tu lisikusanye mchanga. Kwa la nne, Fundi alinishauri nichukue jingine la ubongo. Nikamtazama Mwalimu aliyekuwa bado amenuna, nikachagua lile la nyundo. Linaitwa hivyo kwa sababu ncha za mikono yake zimepinda kama kichwa cha nyundo, na lilikuwa ndilo pekee lililocheza majini. Nilifikiri litamfurahisha. Fundi alisema si baya kwa mtu anayeanza, ila ni laini kidogo kuliko wenzake, na nisiliweke karibu na lingine kwa maana huchoma majirani. Tukaliacha peke yake upande wa kulia.

Lilimfurahisha kweli. Kwa wiki kadhaa lile tangi lilifanya kazi ambayo mimi na mazoezi yangu tulishindwa kuifanya. Kutoka kitini mpaka kwenye kioo palikuwa na hatua tisa, na Mwalimu, aliyekuwa akinung'unika akiambiwa atembee mpaka mlangoni, alizitembea hizo tisa akishika fremu yake ya chuma asubuhi, mchana na jioni, ili aone kama tarumbeta imefunguka. Jumapili tulikatakata kamba vipande vidogo kama punje za mchele, nami nikaviangusha kwa bomba refu juu ya kila kinywa. Mara ya kwanza tumbawe la ubongo lilipokimeza kipande chake, Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akaniomba nimpe kingine.

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kupima chumvi. Unajaza maji ya tangi kwenye kikombe bapa cha plastiki chenye mshale ndani, unangoja mapovu yatoke, unasoma namba. Mshale ulitakiwa kusimama kwenye ishirini na tano. Kisha unaandika kwenye daftari la mistari ambalo Mwalimu alilichora safu kwa rula: tarehe, joto, chumvi. Kwa wiki mbili mshale ulisimama palepale. Wiki ya tatu niliacha kupima, nikaendelea kuandika. Sikuamua. Siku moja nilikuwa na haraka ya kumwogesha Mwalimu, nikaandika ishirini na tano nikisema nitapima baadaye, na siku iliyofuata ilikuwa rahisi zaidi. Leo nina wodi yangu, na ninapomwona mwanafunzi anajaza chati akiwa ameketi, huwa sipigi kelele. Namwita tu twende naye mpaka kitandani. Najua jinsi mkono unavyozoea.

Kitu ambacho sikukijua, na Mwalimu hakuwa ameniambia, ni kwamba maji ya tangi yanapopungua, kinachopotea ni maji tu. Chumvi hubaki. Kwa hiyo unaongeza maji matupu. Mimi nilikuwa nikiongeza kutoka ndoo ya buluu, ile ya maji ya chumvi, nikifikiri bahari hujazwa kwa bahari. Kila siku jagi moja au mawili. Mshale ungenionyesha ndani ya wiki moja, kama ningeuangalia.

Mwezi wa Juni matumbawe yalianza kujikunja. Nyundo iliacha kucheza. Vichwa vya tarumbeta vilisinyaa mpaka kingo za jiwe zikaonekana, nyeupe na kali. Mwalimu aliomba daftari, akapitisha kidole kwenye safu ya chumvi, ishirini na tano, ishirini na tano mpaka chini, akalifunga. "Maji iko sawa," alisema. "Basi shida ni ya yule jamaa." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika taulo. Alipolala mchana nilikichukua kile kikombe nikapima. Mshale ulipita ishirini na tano, ukapita sehemu ya rangi ya kijani, ukasimama kwenye thelathini na mbili. Nilimwaga nikapima tena. Nilipima mara nne. Kisha nikakiosha kikombe na kukirudisha mahali pake, na ile siku nayo nikaiandikia ishirini na tano.

Nilijiambia nitayarekebisha kimyakimya. Sikujua namna, na niliogopa kumpigia Fundi kwa sababu angeuliza. Zaidi ya hayo, barua ya chuo ilisema kwamba nikirudi nije na barua ya mtu niliyefanya kazi chini yake, aeleze mwenendo wangu. Mtu huyo hakuwa mwingine ila Mwalimu. Jumamosi iliyofuata Wawira alikuja kutoka Nairobi. Nilikuwa jikoni namenya viazi, mlango ukiwa wazi kidogo, nikawasikia. Mwalimu alisema yule fundi alimletea magonjwa kwa makusudi, kwa sababu walibishana juu ya lile la matawi. Wawira akamwambia asijali, ameshawaonya watu ofisini. Mwenzake mmoja aliyekuwa amemwagiza Fundi tangi zima ameahirisha kwa sababu ya hayo, na mwingine naye anafikiria. Alisema mtu wa namna hiyo hafai kuachwa aendelee kuibia watu. Nilisimama na kisu mkononi. Nilimkumbuka Fundi alivyopanga ile mifuko mezani, akigeuza kila mmoja ili upande mzuri utazame kwangu.

Chakula kilikuwa njahi na chapati. Walikula, mimi sikula, na Mama akaniuliza kama naumwa. Alipoanza kumimina chai niliondoka nikaleta lile daftari, nikaliweka katikati ya meza. Nilisema Fundi hana kosa. Nilisema namba za tangu Mei ni za uongo, kwamba nimeongeza maji ya chumvi kila siku, na kwamba sasa mshale uko thelathini na mbili. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilipoanza sikuweza kukomea hapo, nikaeleza pia habari ya wodi, yule baba mwenye homa, na yale majibu matatu. Wawira aliweka kikombe chini. Mwalimu alinigeukia.

"Siku ngapi hukupima?" aliuliza.

"Arobaini na moja, Mwalimu."

"Umehesabu?"

"Nimehesabu."

Akalivuta daftari. Akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya kila namba ya uongo, polepole, kuanzia juu, na sote tulingoja mpaka akamaliza. Kisha akasema ni kweli hakuniambia niongeze maji gani, na hilo ni kosa lake, yeye mwalimu wa biolojia. Lakini namba ni zangu. Mama Wawira ndiye aliyesema kitu ambacho sikukitegemea. Alisema hadithi ya wodi anaijua tangu siku ya kwanza. Shangazi yangu alimweleza yote kabla sijapanda gari kuja. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," alisema, akaniwekea chapati kwenye sahani. Mwalimu akamgeukia. "Na mimi hukuniambia?" Mama akamjibu kwamba yeye wakati ule alikuwa na shida ya mguu, asingeongezewa ingine. Wawira alicheka kwanza, bila kutaka, halafu baba yake. Mimi nililia. Nilikula ile chapati nikilia, na ilikuwa tamu.

Nilimpigia Fundi mwenyewe mchana huohuo, kama Mwalimu alivyoagiza. Alisikiliza, kisha akaniambia nisiteremshe chumvi kwa haraka. "Ukishusha kwa siku moja utaua yale ambayo chumvi haijaua." Niondoe jagi moja la maji ya tangi asubuhi na moja jioni, niweke maji matupu, nipime kila mara, nisichoke. Baada yangu Mwalimu alichukua simu akamwomba msamaha, kwa maneno machache na magumu, na Wawira aliporudi Nairobi alizunguka ofisini akifuta aliyoyasema. Yule mwenzake aliendelea na tangi lake.

Nyundo ilikufa siku ya nne. Nyama yake ilitoka kama ute wa kahawia, sebule ikanuka, tukaitoa ikabaki mifupa tu. Mengine tuliyalinda kama wagonjwa. Mwalimu hakuniruhusu nipime peke yangu. Alikuja na fimbo, kwa maana fremu alikuwa ameshaiacha, akainama tukausoma mshale pamoja, kila mmoja akataja namba yake kabla ya kuiandika. Thelathini na moja. Thelathini na moja. Thelathini. Siku ya kumi na mbili, ikiwa imekaribia saa nne asubuhi, na ukungu wa Julai bado uko dirishani, aliniita nikiwa uani naanika nguo. Nilikimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amesimama mbele ya kioo. Vichwa viwili vya tarumbeta vilikuwa vimekufa kabisa, lakini saba vilikuwa vimevimba tena, vya kijani, vimefunika mawe yao. Mwalimu alisema yule fundi alijua alichokuwa anafanya, na kwamba lile la matawi tungelizika wiki ya kwanza. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliishika tangu Januari.

Barua yangu aliiandika mwezi wa Desemba, kurasa mbili, kwa mkono. Hakuificha, alinipa niisome. Nilipofika katikati niliishusha ile karatasi, kwa sababu alikuwa ameandika kila kitu, zile siku arobaini na moja, tumbawe lililokufa na jina la fundi aliyesingiziwa, kisha jinsi nilivyoleta daftari mezani bila kuulizwa na mtu. Nilimwambia, Mwalimu, wakiisoma hii hawatanichukua. Akasema wasiponichukua kwa barua ya kweli, nisingekaa kwa barua ya uongo.

Mkuu wa chuo aliisoma mbele yangu, mara mbili. Alikuwa mama mrefu, mwenye miwani yenye mnyororo, na nilipokuwa nikingoja nilisikia wanafunzi wakipita koridoni wakicheka. Alikunja zile kurasa, akaniuliza swali moja.

"Hayo mengine matatu yalipona?"

"Yalipona, Mama."

"Unajuaje?"

"Nilipima jana asubuhi kabla sijaondoka. Ishirini na tano. Mwalimu aliona pia."

Alitoa fomu kwenye droo, akaandika jina langu, akaniambia nifike wodi ya watoto Jumatatu saa moja kamili. Nilimshukuru, nikatoka, nikavuka barabara mpaka kibanda cha mama mmoja wa chai. Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nilikula chapati tatu na maharagwe, nikaongeza chai, na yule mama akaniuliza kama nimetoka safari ya mbali.